Amana Ndani ya Kiungo



Kijana mmoja anayejifunza usonara alinijia baada ya darsa ya alasiri akaniuliza: "Sheikh, nikiunga mkufu, lehemu ikazidi kidogo, je, nimekula haramu?" Nikamwambia, "Kaa kitako, mwanangu. Swali lako ni dogo kwa umbo, kubwa kwa uzito."

Kwanza tuijue kazi yenyewe. Lehemu lazima iyeyuke kabla ya pambo, ama sivyo pambo lote litaharibika motoni. Kwa hiyo dhahabu yake huchanganywa na shaba, fedha au madini mengine, na aghalabu huwa pungufu kuliko dhahabu ya pambo. Fundi mwema hupiga tupa ncha mbili mpaka zikutane barabara, mwanga usipite kati yake. Kisha huweka chembe chache tu. Moto ukikolea, lehemu huvutwa yenyewe katika ule mwanya mwembamba. Ikipungua, kiungo hukatika. Ikizidi, huvimba juu ya pambo. Kipimo cha haki ni kile kinachojaza kiungo, basi.

Mvivu huacha pengo, kisha hulijaza lehemu. Tufanye hesabu. Mkufu wa gramu 10 unauzwa kuwa ni wa karati 22, kumbe gramu 1 ndani yake ni lehemu ya karati 14. Mnunuzi amekosa theluthi ya gramu ya dhahabu safi, na mizani inasema gramu 10 zimetimia!

Mtu atasema, "Theluthi ya gramu ni kitu gani?" Haba na haba hujaza kibaba. Tena dhahabu kwa mama zetu si pambo tu, bali ni mahari na akiba. Mume akifa au mtoto akiugua, mama huipeleka ikapimwe, na siku hiyo ya dhiki ndiyo anayoambiwa kuwa ni pungufu.

Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Fadhala bin Ubayd (R.A.) alinunua siku ya Khaybar, mwaka wa 7 Hijria, kidani cha dhahabu na shanga kwa dinari 12. Alipovitenganisha alikuta dhahabu peke yake yazidi dinari 12. Mtume (S.A.W.) akakataza kiuzwe kabla ya kutenganishwa. Tazama: makisio yale yalimfaa mnunuzi, na bado hayakuridhiwa. Seuze makisio yanayomdhuru asiyejua?

Nikamjibu kijana hivi. Lehemu ambayo kazi haiwezekani bila yake haina lawama, maana kila mnunuzi anajua kuwa mkufu umeungwa. Iliyozidi kwa kukosea haina dhambi, lakini haki ya mwenzio haifutiki kwa kukosea kwako. Mwambie, au mpunguzie bei. Iliyozidishwa kwa kusudi ni ghushi, hata ikiwa ni chembe moja. Na dawa ya shaka ni nyepesi: pima mkufu kabla ya kuunga na baada yake. Kilichoongezeka ndicho lehemu uliyotia.

Akauliza tena, "Na kama hakuna atakayejua?" Nikamwambia, "Wewe umekwisha jua, mwanangu, na Mola wako alijua kabla yako."

Wallahu aalam.