Majivu ya Mekoni na Majivu ya Kwaresima

Katika mji wa Kindu, kando ya mto Lualaba, siku huanza mekoni. Kabla jua halijachomoza, mama hufukua majivu katikati ya mafiga, hutafuta kaa la jana lililolala chini yake, hulipulizia mpaka moto uwake. Majivu yenyewe hayatupwi yote. Mengine huwekwa katika kopo kuukuu karibu na mtungi wa maji, maana kazi yake haijaisha: ndiyo yatakayosugua sufuria.

Nchi ya Maniema ni nchi ya michikichi. Ngazi zake hutoa mawese ya kuungia sombe. Mikungu yake iliyokwisha kupukutishwa hukaushwa ikawa kuni. Dominika ya Matawi, wakristu huyashika makuti mkononi na kumshangilia Bwana aingiaye Yerusalemu. Mwaka ukizunguka, matawi yale yale yaliyokauka huchomwa, na majivu yake hupakwa Jumatano ya kwanza ya Kwaresima. Hivyo majivu ya mekoni na majivu ya altareni ni ndugu. Anayeijua kazi ya yale ya kwanza ataielewa upesi kazi ya yale ya pili.

Palikuwa na mama mmoja wa Alunguli, katika ukingo wa kuume wa mto. Jumanne moja, siku iliyotangulia Jumatano ya Majivu, alimpa binti yake sufuria za kusugua. Baada ya kitambo binti akaja.

"Mama, nimemaliza."

Kweli sufuria ziling'aa juu ya kichanja. Lakini mama alipotia mkono ndani ya ile kubwa, vidole vyake vikakuta ukoko wa wali wa juzi.

"Mwanangu, umesugua upande gani?"

"Upande unaoonekana, mama. Kichanja kiko njiani, na watu wanapita."

"Wali haupikwi nje ya sufuria. Irudishe majini."

Mama akaendelea na kazi zake, wala hakulifikiri tena neno lake. Lakini kesho yake kanisani, alipokuwa amesimama katika mstari akingoja zamu yake, neno lile likamrudia. Maana yeye na wifi yake, aliyekaa ng'ambo ya pili huko Kasuku, walikuwa hawajaamkiana kwa muda wa miaka miwili. Chanzo chake kilikuwa kidogo. Wifi aliazima sufuria ya matanga, akairudisha imetoboka. Naye mama yule akamtolea maneno makali mbele ya waombolezaji. Tangu siku ile kila mmoja alisali Misa upande wake wa mto. Wote wawili walifunga Kwaresima, wote wawili walitoa sadaka, na watu waliwasifu. Nje paling'aa.

Katika Injili ya Mtakatifu Mateo, sura ya 23, Bwana anawakaripia wale wanaosafisha kikombe na sahani kwa nje, huku ndani mmejaa uovu. Anawaagiza waanze na ndani. Na katika sura ya 5 anamwamuru mtu aliyeleta sadaka yake altareni, akakumbuka ugomvi na ndugu yake, aiache sadaka pale pale, aende kwanza kupatana. Mama yule alikuwa amezisikia sura hizo mara nyingi. Siku ile zilimwingia.

Alasiri akapanda mtumbwi, paji lake la uso lingali na majivu. Akafika, akapiga hodi. Ndani pakawa kimya. Kisha wifi akatokea mlangoni, asiseme neno.

"Wifi," akasema mama, "nimekuja kwa ajili ya maneno yangu ya msibani. Sufuria ni chombo tu. Wewe ni ndugu. Unisamehe."

Wifi akamtazama kwa muda mrefu. Mwishowe akaingia ndani, akatoa kiti. Jioni ile hawakusema mengi. Ukoko wa miaka miwili hautoki kwa kusuguliwa mara moja. Lakini maji yalikuwa yamekwisha kutiwa.

Kazi ya kusugua sufuria yataka vitu vitatu, na kazi ya kuitengeneza upya roho yataka vitatu vivyo hivyo.

Cha kwanza ni majivu. Ndani yake mna magadi makali yanayoshikana na mafuta na kuyaondoa. Ndiyo majuto: ni makali, tena huuma, lakini bila ukali wake dhambi haibanduki. Asiyetaka kukiri kwamba amekosa amekataa majivu.

Cha pili ni maji. Majivu makavu yakimwagwa penye mafuta huongeza uchafu tu. Hivyo ndivyo yalivyo majuto pasipo neema. Yuda alijuta, akaenda zake peke yake, akapotea. Petro alilia kwa uchungu, lakini hakumwacha Bwana wake, akaokoka. Kwa hiyo Mama Kanisa hamwachi mkristu na majivu ya paji la uso tu. Humwita kwenye Sakramenti ya Kitubio, ambamo neema ya Ubatizo iliyopotea kwa dhambi ya mauti hurudishwa.

Cha tatu ni mkono. Sufuria hailoweki majini ikajisugua. Mungu hutoa neema, lakini humtaka mtu arudishe alichoiba, aombe radhi, avuke mto. Na mkono huo haufanyi kazi mara moja kwa mwaka. Ukoko wa leo hutoka kwa urahisi; ukilala siku tatu hugeuka jiwe. Ndiyo sababu mkristu mwenye busara huchungua dhamiri yake kila jioni, kabla hajalala.

Wala sufuria haisuguliwi ili ikae kichanjani itazamwe. Husuguliwa ili ipikie watoto tena. Vivyo hivyo roho husafishwa ili itumikie. Tangu Papa Pio wa XII alipoutengeneza upya Mkesha wa Pasaka katika mwaka 1951, wakristu huzirudia ahadi zao za Ubatizo katika usiku ule, mbele ya moto mpya na maji yaliyobarikiwa. Kwaresima yote yaelekea usiku huo. Jumatano ni majivu. Pasaka ni moto uliofukuliwa chini yake.

Azimio la juma hili: kila mkristu, akishika sufuria mkononi, ajiulize ni nani ambaye hajaamkiana naye. Kisha asiingoje Pasaka. Avuke.