Haki ya Mnyama katika Nyumba ya Mume na Mke

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyenye kusema na visivyosema. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, aliyeletwa kuwa rehema kwa walimwengu wote, na Aali zake na Sahaba zake.

Ama baada ya hayo, jueni, enyi ndugu Waislamu, ya kwamba wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii walipopanga mlango wa nafaqa walianza na mke: chakula chake, nguo zake na nyumba yake. Kisha wakaja kwa wazazi na watoto. Na mwisho wa mlango wakamweka mnyama. Ndivyo ilivyo katika Minhaj ya Imamu Nawawi. Kila mwanamume aliyekaa darasani amepita hapo, ila wengi huhifadhi vyema habari ya mke, kwa kuwa mke ana ulimi wa kudai na ana kadhi wa kumshitakia, na wakifika kwa mnyama huwa wamekwisha kufunga kitabu.

Na hukumu yenyewe si nyepesi. Mwenye mnyama ni wajibu juu yake kumlisha na kumnywesha. Akikataa, kadhi humlazimisha. Ikiwa ni mnyama wa kuliwa, kama mbuzi au ng'ombe, hupewa njia tatu: auze, au alishe, au achinje. Ikiwa ni mnyama asiyeliwa, njia ni mbili tu: auze au alishe. Wala hairuhusiwi kukama maziwa hata ndama akadhurika.

Basi mtazameni punda. Nyama ya punda wa mjini iliharimishwa siku za vita vya Khaibar, mwaka wa 7 wa Hijra, kwa hiyo hana njia ya tatu. Na katika Fat-hul Muin, kitabu kinachojulikana na kila mwanafunzi wa pwani, imeelezwa kuwa ni haramu kumchinja mnyama asiyeliwa, japokuwa ni kwa kumpumzisha na taabu, na mfano uliotolewa ni huyu huyu punda aliyelemaa. Sheikh Izzudin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka wa 660 wa Hijra (1262), alipohesabu haki za wanyama juu ya wanadamu alitaja kwamba mwenyewe atamgharimia hata akizeeka au akiugua ugonjwa usiotazamiwa tena kumpa faida. Mtu anayemtumikisha punda miaka kumi na mitano kwa mawe na mchanga, kisha akamfukuza kwenda kula taka kandoni mwa mji, hakumwacha huru. Deni lingali shingoni mwake.

Lakini ni nani katika nyumba ajuaye kwamba mnyama ana njaa? Mara nyingi si mume, naye yuko dukani au baharini tangu alfajiri. Ajuaye ni mke, ambaye paka humlilia miguuni apaapo samaki, na punda huinamisha kichwa mlangoni kwake. Katika hadithi iliyopokewa kwa Bibi Aisha (R.A.) na kutolewa na Bukhari na Muslim, imekuja kwamba mwanamke akitoa katika chakula cha nyumbani bila ya kuharibu, hupata thawabu za kutoa, na mumewe hupata thawabu za kuchuma, wala mmoja hapunguzi fungu la mwenziwe. Ni jambo la kustaajabisha, basi, kumwona mume akimgombeza mkewe kwa kichwa cha dagaa alichomtupia paka, hali ya kuwa thawabu ya kichwa hicho inaandikwa kwake pia, naye hakuondoka hata kitini.

Na iko habari ya Abu Qatada (R.A.). Mke wa mwanawe, Kabsha binti Kaab bin Malik, alimmiminia maji ya kutawadha. Akaja paka akitaka kunywa, naye mzee akakiinamisha chombo hata paka akanywa. Yule bibi akamtazama kwa mshangao, ndipo alipomweleza ya kwamba Mtume (S.A.W.) amebainisha kuwa paka si najisi, kwani ni katika wenye kuwazunguka watu majumbani mwao. Huu ndio mwendo wa nyumba njema: mwanamume mwenye cheo, Sahaba mpanda farasi, anayafanya maji yake ya udhu yangoje kwanza kiu ya paka, na anamfunza binti wa watu kwa upole.

Huenda mtu akasema: Na mbwa je, naye ni najisi? Ndiyo, kwa Shafii ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa mchanga. Wala haifai kumfuga ila kwa haja kama kuwinda, kulinda mifugo au shamba. Lakini najisi si ruhusa ya kutesa. Yule mtu aliyeshuka kisimani akajaza kiatu chake maji kumnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, Mwenyezi Mungu alimsamehe dhambi zake. Na yule mwanamke aliyemfungia paka hata akafa, hakumlisha wala hakumwachilia ajitafutie, aliingia Motoni kwa ajili yake. Jiwe la mtoto linalomvunja mbwa mguu barabarani, na baba yake yupo barazani anacheka, litaulizwa.

Hutajwa hapa habari ya watu wasiokuwa Waislamu, ili wenye dini wazinduke. Mwaka 1930 Jenerali Geoffrey Brooke wa Uingereza alipelekwa Misri kuamrisha askari wa farasi, na mkewe, Dorothy, akawa pamoja naye. Ilipokwisha vita ya 1914 hata 1918, farasi wengi wa jeshi waliuzwa huko huko. Baada ya miaka kumi na miwili bibi huyu aliwakuta wangali wakivuta mikokoteni ya Kairo, mifupa mitupu, wengine vipofu, wengine viguru. Mwaka 1931 aliandika barua katika gazeti la Morning Post, na fedha zikamjia. Katika miaka michache walinunuliwa farasi kama 5,000, na mwaka 1934 ikafunguliwa Kairo hospitali ya kutibu wanyama wa maskini bure. Mume, ambaye farasi ndiyo ilikuwa kazi ya maisha yake, hakumwambia mkewe kwamba mambo hayo ni upuzi wa wanawake.

Wengi katika farasi hao wazee waliuawa baada ya siku chache za raha, na katika hilo si kila kitu huchukuliwa kuwa dalili, kwa hukumu iliyokwisha tajwa ya mnyama asiyeliwa. Ingawa farasi kwa Shafii nyama yake ni halali, naye si sawa na punda. Lililo la kujifunza ni jingine. Wenye farasi wale walikuwa mafukara, mkate wa watoto wao umo katika mgongo wa mnyama. Hawakunyang'anywa, walilipwa thamani.

Wala isidhaniwe kuwa mambo haya yalianza na Wazungu. Sultani Baybars wa Misri, aliyefariki 676 wa Hijra (1277), aliweka bustani karibu na msikiti wake, Kairo, mapato yake yawe kwa chakula cha paka. Mwingereza Lane, aliyekaa mjini humo katika karne ya 19, aliandika kwamba bustani ile iliuzwa na kuuzwa tena na waliokabidhiwa, hata ikabaki kodi kidogo tu. Na juu ya hayo, kila alasiri paka walikuwa bado wakiletewa chakula uwanjani mwa mahakama ya Kadhi. Waliokula mali ya wakfu walikuwa watu. Paka walikula walichoachiwa.

Lamu, ambako vichochoro havipitishi gari na punda ndiye mchukuzi, iko hospitali ya punda tangu 1987, iliyowekwa na chama cha Uingereza. Hutibu vidonda vya kamba na mizigo, wala haiwezi kupunguza mzigo kesho yake; hilo liko mkononi mwa mwenye punda. Na biashara ya ngozi za punda, zinazochemshwa kwa ajili ya dawa za Kichina, ilileta wizi wa punda usiku katika nchi nyingi, hata wakuu wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuikataza Februari 2024. Mwenye kumuuzia punda mtu ajulikanaye kuwa atamchinja amfikirie yule amuuziaye zabibu mtengeneza mvinyo: bei yaweza kuwa nzuri, na uuzaji ni haramu.

Ama mume na mke wakitaka kusaidia, zaka haitolewi kwa mnyama, kwa kuwa watu wake wanane wametajwa katika Qur'ani. Hutolewa sadaka. Pumba, maganda na mabaki ambayo mume kwa desturi huyaridhia, mke ana ruhusa kuyatoa bila ya kuuliza. Fedha ya mume, atake idhini kwanza. Na mali yake mwenyewe mke, akiilipia dawa ya punda wa jirani, mume hana neno juu yake.

Wallahu aalam.