Mbegu Bila Ua

JUMANNE

Soma Mwanzo 1:11, 12. Ni neno gani linalorudiwa kuhusu mimea ya siku ya tatu?

Neno hilo ni mbegu. Ua halikutajwa. Tumezoea mwembe: maua kwanza, kisha embe, na kokwa ndani yake. Lakini Muumba alifanya pia mimea yenye mbegu isiyochanua kamwe. Misonobari ya Sao Hill, Mufindi, hubeba mbegu zake wazi juu ya magamba ya koni. Mtapo wa pwani yetu, ulio kama mnazi mfupi, nao hauna ua. Kule Tendaguru, Lindi, palipochimbwa mifupa ya dinosaria kuanzia 1909 hadi 1913, miamba imehifadhi pia mabaki ya miti ya kundi hili.

Mitapo ina mti dume na mti jike. Dume hutoa chavua, jike hubeba mbegu. Mwaka 1895 John Medley Wood alikuta mtapo dume wa aina ya pekee katika msitu wa Ngoye, Afrika Kusini. Jike lake halijapatikana hadi leo. Machipukizi yake yamepandwa katika bustani nyingi duniani, nayo yamestawi. Hata hivyo, hakuna mbegu halisi ya aina hiyo iliyowahi kupatikana.

Soma Isaya 40:6–8 na Luka 8:11. Ni kipi kinachonyauka, na ni kipi kinachodumu?

Wapo kati yetu wasioimba kwaya wala kusimama mimbarani, nao hudhani hawana cha kumtolea Bwana. Mama anayemfundisha mtoto wa jirani fungu moja la Biblia amepanda mbegu, ingawa hakuna aliyemwona.

Lakini tujihadhari. Hapa Kibamba nyumba mpya zinaongezeka, na mageti yanafungwa mapema. Mtu aweza kuhudhuria kila Sabato, kutoa zaka kwa uaminifu, na kurudi nyumbani bila kumjua hata jirani mmoja kwa jina. Anaonekana wa kijani mwaka mzima, kama ule mtapo wa Ngoye. Uzao wake uko wapi?

Kwa kutafakari: Ni jirani yupi ambaye hujawahi kubisha hodi kwake? Darasa lenu litamfikiaje kabla ya Sabato ijayo?