Nafasi Tupu ni ya Nani?

Tuanze na kitu kinachopimika. Ubao mama wa kompyuta wa saizi ya kawaida, ile ATX ambayo Intel waliitoa mwaka 1995, una milimita 305 kwa 244. Ndugu yake wa kati, Micro-ATX, ana 244 kwa 244. Kitinda mimba ni Mini-ITX, uliobuniwa na kampuni ya VIA mwaka 2001: milimita 170 kwa 170. Piga hesabu uone, huyu mdogo hafikii hata nusu ya eneo la yule wa kati. Lakini anabeba prosesa ileile na kadi ya grafiki ileile. Anachokunyima ni nafasi. Sloti mbili za RAM badala ya nne, sloti moja ya kadi badala ya mbili au tatu. Ukijaza, umejaza.

Watu huchukulia hili kama swali la bei na vipimo. Mimi naona ndani yake kuna swali la maadili, tena la zamani kuliko kompyuta yoyote: mtu mwenye pesa kidogo leo anafaa kulipia kiasi gani cha kesho ambayo hajaiona?

Nina sababu ya kuuliza. Naishi kwa kuandika, na kwa kuwa kuandika peke yake hakulipi stima, nahariri video za watu: harusi, mahubiri, ruracio, matangazo ya saluni. Kwa laptopu yangu, video ya saa moja ilikuwa kazi ya kulala ukiisubiri. Stima ikipotea saa tisa usiku na betri ilishakufa kitambo, unaanza upya. Kwa hivyo niliweka pesa kidogo kidogo hadi ikafika ya kujenga desktopu yenye nguvu. Ila iwe ndogo. Nakaa bedsita, na kwa miaka miwili nimehama mara tatu. Ukishawahi kuhama na pikipiki, utajua kwamba kila sentimita ya kasha ina mtu wa kuikumbatia.

Kuna fundi pale Luthuli Avenue ambaye huwa namuuliza kabla sijanunua kitu. Nilipomwambia nataka Mini-ITX, alitingisha kichwa.

“Buda, hiyo ni urembo,” akasema. “Chukua ya kati. Iko na sloti nne. Leo unaweka mbili, siku ukiomoka unaongeza.”

“Na nisipoomoka?”

Akacheka. “Si angalau sloti utakuwa nazo.”

Angalau utakuwa nazo. Hiyo sentensi naijua. Nilipoacha chuo mwaka wa tatu, ukoo mzima uliniambia hivyohivyo kwa maneno tofauti. Maliza tu, hata kama hutaitumia hiyo digrii, uwe nayo. Tata yangu aliongeza, hata ikikaa kwa droo, itakuwa inakaa huko ikijua ni yako. Ni falsafa ileile ya vyombo vya wageni kwenye kabati la vioo sebuleni, zile sahani zenye maua ambazo hakuna mtoto wa nyumba hiyo amewahi kulia. Zinangoja mgeni wa maana. Miaka inapita, watoto wanahama, sahani bado zinangoja.

Sitaki kuidharau falsafa hii. Waliotuachia walijifunza kwa njia ngumu. Mtu asiye na shamba la kurithi wala mjomba serikalini, utajiri wake ni milango ambayo haijafungwa. Ukimwambia afunge mmoja kwa hiari, unamwambia atupe mali. Ndiyo maana tunasema akiba haiozi. Na ndiyo maana fundi wangu, ambaye nia yake ni njema kabisa, anaona sloti mbili zilizo wazi kama pesa benki.

Lakini hebu tuangalie kama kweli sloti ni akiba.

Ukinunua bodi ya RAM aina ya DDR4, vijiti vya DDR5 haviingii humo hata ukisukuma kwa maombi. Ile alama iliyokatwa kwenye kijiti haiko mahali pamoja. DDR5 ilianza kuingia kwenye desktopu mwaka 2021. Soketi ya prosesa nayo ina maisha yake. Ile ya Intel iitwayo LGA1200 ilitoka 2020, ikahudumia vizazi viwili vya prosesa, na 2021 ikaja LGA1700 yenye umbo lingine. Aliyekuwa ameacha nafasi ya kuongeza nguvu “siku moja” alikuta siku hiyo imehamia mtaa mwingine. Akiba haiozi, sawa, lakini nafasi huoza. Na inaoza kimya, kwa sababu ukiiangalia bado iko vilevile, safi, haijaguswa.

Kuna jambo lingine ambalo halisemwi sana dukani. Hata zile sloti nne za RAM, ukizijaza zote, haziji bure. Prosesa za Ryzen 7000 zimeidhinishwa rasmi kwa kasi ya 5200 vijiti vya DDR5 vikiwa viwili. Vikiwa vinne, kasi rasmi inashuka hadi 3600. Wengine huifikisha juu zaidi kwa kuhangaika na mipangilio, lakini ahadi ya mtengenezaji inaishia hapo. Kwa hivyo ile nafasi uliyoilipia ukisema utaongeza baadaye, siku ya kuongeza inakudai tena.

Je, basi hakuna njia ya kuitunza kesho? Ipo, na mfano wake ni mzuri. Mwaka 2016 AMD walitoa soketi inayoitwa AM4. Mwaka 2022, miaka sita baadaye, walitoa prosesa ya Ryzen 7 5800X3D inayokaa kwenye soketi hiyohiyo. Mtu aliyenunua bodi 2017, kama kampuni iliyoitengeneza ilitoa programu mpya ya BIOS, aliweza kung’oa prosesa ya zamani, kuweka hii, na kuendelea na maisha kama amenunua mashine mpya. Angalia kilichomsaidia. Saizi ya bodi haikuwa na neno. Wa Mini-ITX na wa ATX walinufaika sawa. Kilichowabeba ni kwamba mtu upande wa pili aliendelea kutimiza ahadi. Soketi iliyofuata, AM5, ilitoka 2022, na AMD wamesema wataendelea nayo angalau hadi 2027.

Hapo ndipo mawazo yangu yalipogeuka. Tumezoea kufikiri kwamba kujiandaa kwa kesho ni kuwa na nafasi nyingi. Lakini nafasi bila mtu aliyeahidi kuijaza ni chumba cha wageni katika nyumba isiyotembelewa. Mwanafunzi mwenye kozi tano alizozianza ana nafasi nyingi. Mwenye fundi mmoja aliyekubali kumfunza hadi aive, ana ahadi. Kama ni kulipia kesho, ningependa kulipia ahadi.

Sasa nisijifanye mtakatifu wa vitu vidogo. Kuna vijana mitandaoni wanaoonyesha meza nyeupe, kompyuta ndogo kama kopo la majani chai, mmea mmoja, halafu wanatuhubiria kuhusu kutosheka. Hiyo si kutosheka, ni bei. Mini-ITX kwa kawaida ni ghali kuliko Micro-ATX ya kiwango kilekile, kwa sababu kubana vitu vilevile kwenye eneo dogo ni kazi ngumu, na wanunuzi ni wachache. Kati ya bodi mbili nilizokuwa nikizitazama, tofauti ilikuwa zaidi ya kodi yangu ya mwezi. Maskini hana pesa ya kununua udogo. Yeye ananunua kikubwa kilicho rahisi, anaweka kitambaa cha mshono juu yake. Kwa hivyo yeyote anayesema kitu kidogo ni unyenyekevu, muulize kwanza risiti.

Udogo pia una adabu zake. Saketi zinazodhibiti umeme unaoingia kwa prosesa hupata joto, na kwenye bodi ndogo hazina pa kutanua mbawa. Ukiweka Ryzen 9 7950X, iliyopimwa wati 170, kwenye bodi ndogo ya bei rahisi ndani ya kasha lisilopumua, umejenga jiko. Ryzen 7 7700 imepimwa wati 65. Ina koa nane, nusu ya zile za mwenzake. Ilinibidi nikae chini na daftari, niorodheshe video zote nilizohariri kwa mwaka mzima, niulize ni ngapi zilihitaji koa kumi na sita. Haikuwepo hata moja. Zile koa nane za ziada zilikuwa za mtu mwingine, kijana fulani mwenye jina langu, anayetengeneza filamu ndefu na ana wasaidizi wawili. Namheshimu sana, lakini hajawahi kunitumia hata bob moja, na nilikuwa nataka kumnunulia kompyuta.

Ndiyo maana nauliza nafasi tupu ni ya nani. Swali hili lina sura nyingine pia, iliyo mbali na meza yangu. Kila kipande kwenye ubao mama kimeshikishwa kwa lehemu, na lehemu ya siku hizi kwa sehemu kubwa ni bati. Bati huchimbwa kwingi duniani, na mahali pamoja ni Bisie, eneo la Walikale, Kivu Kaskazini. Dukani hakuna wa kukuambia bati la bodi yako lilitoka shimo gani. Ninachojua ni kwamba kila sloti ambayo haitawahi kuguswa ilichimbwa, ikayeyushwa, ikasafirishwa, na siku moja itafika Dandora ikiwa mpya kabisa. Kuna mtu pale ataivunja kwa mawe, achome nyaya apate shaba, avute moshi wake. Nafasi ambayo sikuitumia, yeye ndiye atakayeilipia salio.

Usinielewe vibaya, bodi ndogo haiokoi Kivu. Tofauti ya gramu chache si dini. Kinachopunguza mzigo ni kitu kuishi muda mrefu, na Nairobi hii kompyuta haifi na mwenye wake wa kwanza. Tumelelewa na mashine za eks-UK. Lakini ukizifungua hizo za maofisi, nyingi utakuta bodi ina umbo lake peke yake, na pawa saplai ina plagi yake peke yake. Ikiungua pawa saplai ya shilingi elfu chache, mashine nzima inakuwa kiti cha paka, kwa sababu hakuna kingine kinachoingia pale. Aliyeitengeneza hakumfikiria mtu wa pili.

Mini-ITX, pamoja na madoido yake yote, ilimfikiria. Matundu yake manne ya skrubu yamepangwa sawasawa na manne ya ATX. Maana yake bodi ndogo inaingia kwenye kasha lolote kubwa la kawaida, hata lile la zamani lililotupwa nyuma ya saiba, na inatumia pawa saplai ya kawaida. Bodi kubwa haiwezi kuhamia nyumba ndogo, lakini hii ndogo inaweza kuhamia popote. Nina mdogo wangu yuko Form Three, tayari anauliza ataipata lini. Yeye hatajali kasha limekaa vipi. Atajali kama inawaka.

Kwa hivyo nilichukua ndogo, ya AM5, na prosesa ya wati 65. Sikujaza zile sloti mbili kwa vijiti vidogo nikisema nitabadilisha. Niliweka viwili vya gigabaiti 16 kila kimoja, jumla 32, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ninayoifanya. Pesa niliyookoa kwa kuacha prosesa kubwa ilifunika tofauti ya bei ya bodi. Fundi wangu bado anaamini nimenunua urembo, na kwa mtu mwingine angekuwa sahihi. Mwenye chumba chake, asiyehama, anayejua kwamba mwakani ataongeza kadi ya pili kwa sababu kazi tayari imesainiwa, achukue ya kati na asione haya. Sloti yake ina jina.

Hicho ndicho kipimo ninachobaki nacho, na nimeanza kukitumia nje ya kompyuta. Mtu akiniuzia nafasi, iwe ni sloti, kozi ya jioni au ploti ya Konza, nauliza ni ya nani. Kama ni yangu na kazi yake naijua, nalipa. Kama ni ya mdogo wangu, au ya mtu wa tatu atakayeinunua kwa elfu tano huko mbele, nalipa pia, na nahakikisha matundu yanalingana. Lakini kama ni ya yule jamaa mwenye jina langu anayeishi mwaka ambao haujafika, naomba kwanza anipigie simu.