Fomu Iliuliza: Je, Imewahi Kuanguka?



Mwezi wa saba tangu ninunue laptopu yangu hapa Kampala, mistari miwili ya kijani ilitokea kwenye kioo. Nikisogeza kifuniko inacheza, nikiacha inatulia. Fundi mmoja aliiunganisha na skrini nyingine, picha ikatoka safi. Akasema ubovu uko kwenye kioo chenyewe au kwenye waya unaopita katika bawaba. Waranti ni ya miezi 12. Kabla sijaipeleka, ikaanguka kutoka kitandani hosteli, ikapasuka kona.

Fomu ya mtengenezaji ina swali: je, kifaa kimewahi kuanguka? Mwenzangu wa chumbani akaniambia niandike hapana. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. "Mistari ilikuwepo kabla. Ubovu ni wao. Ukisema kweli watapata kisingizio. Kudanganya ili upate kilicho chako ni dhambi gani?"

Kifiqhi, msingi wake ni sahihi. Kasoro iliyokuwemo kabla mnunuzi hajakabidhiwa bidhaa ni juu ya muuzaji. Iliyozuka mikononi mwa mnunuzi ni juu ya mnunuzi. Imam Ghazali naye, katika Ihya, anaeleza kwamba lengo la halali lisilofikika ila kwa uongo huweza kuufanya uongo uruhusiwe. Lakini likifikika kwa ukweli pia, uongo ni haramu. Hapo ndipo hoja ya mwenzangu ilipokwama: ukweli ulikuwa bado haujajaribiwa. Tuliuhukumu kuwa umeshindwa kabla hatujautuma.

Jambo la pili: fomu haikuuliza kosa ni la nani. Iliuliza kilichotokea, ili fundi wao apime. Nikificha, nimejifanya shahidi na hakimu katika kesi yangu mwenyewe. Sura ya Al-Mutaffifin inawaonya wanaotaka kipimo kamili wanapopokea, kisha wakapunguza wanapowapimia wengine. Nami nilikuwa nataka kioo kizima kwa habari nusu.

"Lakini hao si Waislamu, tena ni matajiri." Aya ya 8 ya Al-Maida inatukataza kuacha uadilifu hata kwa watu tunaowachukia, sembuse kampuni tuliyonunua kwake kwa hiari yetu.

Wala kusema kweli si kunyamaza. Mtume (s.a.w.) alipodaiwa kwa ukali na maswahaba wakataka kumkabili mdai, aliwazuia, kwa kuwa mwenye haki ana nafasi ya kusema. Na alipoingiza mkono katika lundo la chakula sokoni akakuta umajimaji ndani, alimlaumu muuzaji kwa kuuficha. Basi mtengenezaji anayejua kasoro ya bidhaa yake naye ataulizwa.

Niliandika: ndiyo, ilianguka, nikataja na tarehe. Nikaambatisha risiti na picha ya mistari niliyopiga wiki mbili kabla ya kuanguka. Wamekataa mara ya kwanza. Nimewaandikia tena, nikisema kona iliyopasuka nitailipia mwenyewe.

Makala haya nimeyachapa kwenye kompyuta ya maktaba, baada ya kupanga foleni, na ripoti yangu ya mwaka wa mwisho inasubiri. Huenda nisipate kioo. Lakini katika barua zangu hakuna neno nitakaloogopa kuulizwa.

Wallahu a'lam.