WAZO LA LEO: Udongo si umaskini

Mgeni akifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, huonyeshwa kwanza misheni, pale ambapo Kapteni Cambier wa Ubelgiji alianzisha kituo mwaka 1879 na Mapadre Weupe wakakipokea mwaka 1885. Ni historia ya kuheshimiwa. Lakini azitazame pia nyumba za matofali mabichi, yaliyofyatuliwa kwa udongo wa papo hapo na kukaushwa kwa jua. Ukuta mnene wa udongo hupokea joto polepole, ndiyo maana ndani hubaki na ubaridi hata jua la mchana linapochoma.

Huko Tibet, kwenye baridi kali, watu nao hushindilia udongo kuwa kuta, na paa lao bapa hulitwanga kwa pamoja huku wakiimba. Wagogo na Wanyamwezi walijenga tembe zenye paa la udongo vilevile. Watu wasiojuana kabisa walifikia hekima moja.

Sisi tumekuwa wepesi kuiita nyumba ya udongo umaskini. Tunakata miti ya miombo kulisha tanuri la matofali, tunaezeka bati bila dari, kisha tunalalamikia joto. Udongo unataka matunzo tu: msingi wa mawe, paa lililotokeza kuzuia mvua, na kukandikwa upya kila kiangazi.

Unapanga kujenga mwaka huu? Kabla ya kununua chochote, kaa na fundi mzee wa kijijini kwako umuulize wazee walijengaje, na kwa nini.