Deni Letu kwa Kiumbe Asiyelia

Liko swali moja ambalo watu hawaliulizi mara nyingi, nasi twaona lafaa kuulizwa: Je, kiumbe asiyeweza kudai ana haki gani kwetu? Mbuzi akishikwa na njaa hulia hata jirani akatoka nje kutazama. Ng'ombe mwenye kiu hulia akielekea ziwani. Mbwa hubweka, kuku hupiga kelele, na mtoto mchanga tusimtaje, maana yeye huitawala nyumba nzima kwa kilio chake. Lakini kobe hana kilio. Akiumwa hunyamaza, akishiba hunyamaza, na akikaribia kufa hunyamaza vile vile, hata pengine watu wa nyumbani huja kuzijua habari zake kwa harufu. Ile sauti ya kupuliza isikikayo anapoingiza kichwa chake si neno. Ni pumzi tu inayosukumwa nje ya mapafu ili kichwa kipate nafasi. Basi kwa kuwa hadai kitu, je, hatuna deni naye?

Hatulisemi jambo hili kwa mzaha. Katika vijiji vya pwani ya Ziwa Viktoria, tokea Magu hata Sengerema, mkulima apaliliaye pamba huweza kumkuta kobe kondeni, akamchukua nyumbani awe mchezo wa watoto. Siku tatu za kwanza watoto humpenda mno. Humpandia mgongoni, humpindua wapate kuona apigavyo miguu hewani. Siku ya nne hutupwa nyuma ya nyumba penye majivu, akapewa ukoko wa ugali na vichwa vya dagaa. Mwaka hupita. Gamba lake hulegea, macho huvimba, mwendo humpungua, na watu husema, "Amezeeka." Kumbe hakuzeeka. Anakufa, na kwa kuwa kufa kwake huchukua miezi mingi, hakuna aonaye kwamba anakufa.

Tukisema hivi, maneno ya kwanza tunayojibiwa ni kwamba gamba ni nyumba tu, na nyumba haina uchungu. Maneno hayo si ya kweli. Gamba la kobe ni mifupa yake mwenyewe. Mbavu na uti wa mgongo vimeshikamana nalo, na juu yake pana vipande vigumu vya namna ya kucha zetu. Lina damu ndani, lina mishipa ya fahamu. Mtu atoboaye ukingo wa gamba apate kumfunga kobe kamba ametoboa mfupa ulio hai, na kidonda hicho huingiwa na uchafu kikaoza kwa ndani. Wala mchezo wa kumpindua si mchezo kwake. Mapafu yake yako juu, chini ya gamba la mgongo. Akilazwa chali, matumbo yote huyalemea, na akiachwa hivyo juani hufa.

Jibu la pili lina nguvu zaidi, nalo hutolewa na watu wenye akili. Husema, "Porini nani humtunza? Nani humpelekea maji? Kama Mungu amemwezesha kuishi huko bila mlinzi, basi hapa uani atashindwaje?" Neno hili latupasa kulipima sana, maana swali letu zima limo ndani yake.

Porini kobe ni mganga wake mwenyewe. Asubuhi hutoka kuota jua, kwa sababu mwili wake hauna joto la kujifanyia. Jua likizidi huingia kichakani. Mvua ikinyesha hunywa katika vidimbwi, tena hunywa sana, maana huweka maji kibofuni kama watu waekavyo maji mtungini, yamsaidie wakati wa kiangazi. Akipungukiwa na chokaa ya kujengea gamba, hutafuna mifupa mikavu, na hata mavi meupe ya fisi, kwa kuwa yamejaa mifupa iliyosagwa. Kutwa huchagua majani, hili kidogo na lile kidogo. Mungu amempa dawa zake zote, akazitawanya katika nchi, na njia ya kuzifikia ni miguu yake minne. Sisi tukimfungia katika ua wa hatua kumi, miguu ile haina kazi tena. Hapo ndipo deni linapoanza. Serikali haimlishi mtu aliye huru; lakini ikimtia gerezani hulazimika kumpa chakula, maji na dawa, hata kama ni mwizi, wala haingoji mpaka apige kelele. Kadiri ya yale tuliyomnyima mfungwa wetu, ndiyo kadiri ya yale tuliyojitwika.

Basi mwenye ua na ajue kwanza amemfunga nani. Kobe wa nchi yetu si wa namna moja. Yule mkubwa mwenye mgongo wa mviringo na madoa kama ya chui hula majani na nyasi, naye hahitaji nyama wala samaki. Vyakula hivyo, vikizidi, humharibu mafigo na gamba. Yuko mwingine mdogo, ambaye gamba lake lina bawaba sehemu ya nyuma, aweza kulifunga kama mlango. Huyo wataalamu wa Ulaya walimpa jina la Speke mwaka 1863, yule Mwingereza aliyefika Mwanza na kuliona ziwa letu tarehe 3 Agosti 1858. Yeye hula pia uyoga, konokono na jongoo. Nao kobe wa majini, wanaoonekana katika madimbwi, ni watu wa maji kabisa. Twasikia kuna waliomtupa kobe wa nchi kavu ziwani wakidhani wanamrudisha kwao. Aweza kufa maji humo.

Kwa kobe wa madoa, chakula chema ni nyasi, mbichi na kavu, pamoja na magugu ya shambani na majani ya viazi vitamu. Mchicha usiwe wa kila siku. Embe likizidi humwendesha tumbo. Ugali na mkate si chakula chake. Maji awekewe katika chombo kipana kisichopita kidevu chake kwa kina, yabadilishwe kila siku, maana huingia humo akanywa na akanya pia. Maganda ya mayai yaliyochemshwa na kusagwa yanyunyizwe juu ya majani. Lakini chokaa hiyo haifai kitu asipopata jua lenyewe juu ya mwili wake. Jua lipitalo katika kioo cha dirisha halimsaidii, na kobe akaaye ndani ya nyumba gizani atalegea gamba hata akila maganda ya mayai ya kijiji kizima. Apate na kivuli pia. Usiku kibanda kiwe kikavu, kiwe imara kwa sababu ya mbwa, na mwenye nyumba aangalie siafu, kwa maana siafu humwingilia kobe ndani ya gamba lake asiweze kukimbia.

Na sasa twarudi kwenye ule ukimya. Tulisema kobe hana kilio. Hatukusema hana dalili. Mwili wake hunena, ila hunena na mtu atazamaye. Macho yaliyovimba na kufumba huonyesha mara nyingi kwamba amekosa maji, au majani mabichi yenye vitamini. Povu au kamasi puani, kinywa kilicho wazi, na shingo inayonyoshwa kwa kila pumzi ni ugonjwa wa mapafu, nao ni wa kuogopwa, kwa sababu kobe hana kile kiwambo kitenganishacho mapafu na tumbo, wala hawezi kukohoa kama sisi. Uchafu uliomo hubaki humo. Huyo awekwe penye joto na ukavu, apelekwe kwa daktari wa mifugo upesi, wala asipewe vidonge vya watu kwa kubahatisha. Gamba linalobonyea chini ya kidole cha kobe mkubwa ni ukosefu wa jua na chokaa. Uji mweupe utokao pamoja na mkojo si ajabu ukiwa laini. Ukiwa mgumu kama mchanga, ana kiu ya siku nyingi. Aketishwe katika maji ya vuguvugu yasiyo marefu, nusu saa, kila siku. Kupe hujificha penye ngozi ya miguu na shingo, waondolewe. Jambo la kupe si dogo: mwaka 2000 Marekani ilikataza kobe wa madoa kuingizwa nchini mwake, kwa hofu ya kupe waletao ugonjwa wa moyo-maji unaoua ng'ombe na kondoo.

Tena yuko kobe ainuliwaye ghafla akatoa mkojo mwingi, na watoto wakacheka. Katika kiangazi yale ndiyo maji yake ya akiba. Hayo nayo ni maneno yake, kwa mtu aliyejifunza kuyasikia. Watoto wanawe mikono kwa sabuni baada ya kumshika, kwa kuwa kobe aliye mzima kabisa aweza kubeba vijidudu vya kuharisha.

Pengine mzee mmoja atasema, "Mwalimu, watoto wa watu wana njaa, nanyi mwahesabu matone ya mkojo wa kobe?" Twamheshimu aulizaye hivi. Lakini mwenye njaa hakulazimishwa na mtu kumfunga kobe. Kama hana nafasi wala majani, na amwache alipomkuta. Deni ambalo hukulikopa halikusumbui. Torati ya Musa ilimhurumia ng'ombe akanyagaye nafaka asinyimwe kuila, na waliopewa Torati hiyo hawakuwa matajiri. Twaona pia kwamba mtoto ajifunzaye kumsahau asiyelia hataishia kwa kobe. Nyumbani mwetu wamo wengine wasiolia: bibi kizee aliye kipofu pembeni mwa jiko, na yatima aliyekwisha kujua kwamba kilio chake hakileti kitu.

Hatuwezi kuziacha habari hizi bila kutaja Busisi, ng'ambo ya ghuba ya Mwanza, pale ambapo daraja kubwa lilifunguliwa mwaka 2025. Majabali ya nchi yetu yana nyufa, na katika nyufa za namna hiyo huishi kobe wa ajabu, bapa kama chapati, mwenye gamba jembamba linalobonyea tangu kuumbwa kwake, naye hakimbilii ndani ya gamba bali hukimbia kweli kweli na kujibana mwambani. Mtaalamu Siebenrock alimwandika katika vitabu vya elimu mwaka 1903, kwa kobe aliyepatikana huko Busisi. Tangu hapo umaarufu wake umekuwa msiba wake. Watu wa nchi za mbali walimtaka kwa kumfuga, wawindaji wakavunja miamba kwa mitaimbo wapate kumtoa, na mwamba uliovunjwa haurudi kuwa nyumba ya mwingine. Jike hutaga kwa kawaida yai moja tu kwa mara moja. Kwa hiyo waliochukuliwa hawarudishwi upesi. Mwaka 2019 mataifa yalikubaliana kumweka katika daraja la kwanza la wanyama wasiofanyiwa biashara. Hakuna aliyesikia kobe hao wakilia walipopakiwa masandukuni.

Nako Unguja, katika kisiwa cha Changuu, waliletwa kobe wakubwa wanne kutoka Shelisheli mwaka 1919. Walizaana hata wakafika kama 200 mwaka 1955. Kisha wezi wakaanza kuwachukua, na mwaka 1996 walibaki 7 tu, ndipo ulinzi wa kweli ukawekwa. Wanyama wengi waliibwa mmoja mmoja mbele ya macho ya watu, na ukimya wao uliwasaidia wezi.

Kwa hiyo shauri letu ni kwamba kobe wa porini aachwe porini; hata sheria ya kuhifadhi wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kumweka mnyama wa mwitu nyumbani bila kibali. Lakini vipi yule aliyekwisha kuwa uani miaka kumi? Wengine watasema, "Afunguliwe leo." Twaona hilo nalo ni haraka. Aliyeishi na kuku na kobe wengine aweza kupeleka ugonjwa kwa walio wazima huko, na akitupwa nchi asiyoijua hutangatanga. Aonyeshwe kwanza kwa maofisa wa wanyamapori wa wilaya, wao waamue.

Na liko jambo moja ambalo wafugaji hawalifikiri. Kobe wa madoa aweza kuishi miaka 50 na zaidi. Mtu wa makamo amchukuaye leo amemchukua pia kwa ajili ya wanawe. Siku baba afapo, wazee huketi kugawa mali. Ng'ombe huhesabiwa, shamba hupimwa, hata baiskeli hutajwa. Hatujapata kusikia katika kikao cho chote mtu akiuliza ni nani sasa atakayempelekea kobe maji.